Bega la Omondi: Nusu ya Ushuhuda

Simu ya Githinji ilikuwa bado juu.

Ndivyo tulivyomwacha Jerusha, msomaji wangu. Amesimama mbele ya ibada ya Ijumaa ya Waswahili wa Doha, maikrofoni mkononi, machozi hayajakauka, na ushuhuda wote umeshamtoka kinywani. Watu mia mbili walikuwa wakipiga makofi. Mmoja hakupiga. Alikuwa mstari wa nyuma kabisa, ndani ya suti ya kijivu, simu ameielekeza usoni mwa Jerusha.

Kama umeingia leo, nakupa kwa ufupi halafu tukimbie. Jerusha ni nesi, Mkenya wa Busia. Mumewe Omondi, Mjaluo aliyekulia Jinja, anachezea Vipanga wa Doha kwenye ligi ya besiboli ya kulipwa ya Ghuba. Yeye ni mrushaji, yule anayemrushia mpira mtu mwenye gongo. Mwezi wa Februari bega lake liliumia, naye akalificha, ingawa mkataba unasema anayeficha jeraha anaweza kufukuzwa. Mkewe akamkanda usiku na mchana, akamfunga bandeji, bega likapona. Sasa Ijumaa hii mwanamke kasimama kanisani, kwa furaha yake, akayamwaga yote.

Mimi ningenyamaza. Lakini mimi si mtu wa ushuhuda, na isitoshe, Omondi mwenyewe ndiye aliyemsukuma mkewe wiki mbili nzima. "Mungu ametutendea," alikuwa akisema kila jioni. "Utanyamaza mpaka lini?"

Ibada ilipokwisha, Jerusha alimkimbilia Githinji. Alimpata karibu na lango, pale walinzi wanapopekua mifuko.

"Bwana asifiwe, Sister," Githinji akamwahi.

"Hiyo video utaifuta."

"Video gani?"

"Usinichezee, Githinji. Nimekuona."

Githinji alicheka. Ni mtu wa Nyeri, mwenye meno mazuri na maneno matamu, na kazi yake ni kuwatafutia wachezaji Nyota wa Muscat, timu iliyoburura mkia msimu mzima.

"Ushuhuda ni wa watu wote, Sister. Ama ulikuwa unamnong'onezea Mungu?"

"Ni mambo ya nyumba yangu!"

"Na ukayasema kwa maikrofoni." Alitia simu mfukoni. "Msalimie Omondi. Mwambie bega tunaliombea."

Akaingia kwenye gari lake akaondoka. Jerusha alibaki palepale juani.

Jioni ile hakumwambia mumewe habari za Githinji. Aliogopa. Omondi aliporudi kutoka mazoezini aliuliza jambo moja tu.

"Uliongea?"

"Niliongea."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Mungu ni mwema," alisema Omondi, akaenda kuoga.

* * *

Jumapili, saa tisa na dakika ishirini alasiri, simu ya Jerusha ilitetemeka mfukoni mwa sare yake. Alikuwa wodini.

"Jeru, uko wapi?" Alikuwa Chebet, karani wa usajili wa Vipanga na rafiki yake wa kufa na kuzikana.

"Kazini. Niko na wagonjwa sita."

"Toka. Bradley ametoa jina la Omondi kwenye orodha."

Hapa inabidi niieleze hiyo orodha, maana ndiyo inayokata shingo za watu. Ligi hii haitaki timu tajiri ibebe kombe kila mwaka. Kwa hiyo imewekewa dari ya mishahara. Jumla ya mishahara ya timu haivuki kiasi fulani, hata kama mwenye timu anamiliki visima vya gesi. Juu ya hapo, msimu ukiisha, kila timu huandika majina kumi na matano ya wachezaji inaowalinda. Aliye nje ya majina hayo anaweza kuchukuliwa bure na timu nyingine. Na timu iliyoburura mkia ndiyo inayochagua kwanza.

Mwisho wa kutuma orodha ulikuwa siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni.

"Wa kwanza kuchagua ni Muscat," Jerusha alisema polepole.

"Na anayewachagulia ni Githinji. Ako na video yako, Jeru. Kitu imezunguka timu zote."

"Mungu wangu."

"Na omba hata iwe ni Muscat. Wa pili ni Kuwait. Unamkumbuka Mutai?"

Nani asiyemkumbuka Mutai? Mwaka jana alichukuliwa na Papa wa Kuwait, watu wakamfanyia sherehe mtaa wa Al Mansoura. Sheria inaipa timu siku thelathini za kumjaribu mchezaji mpya. Siku ya ishirini na saba Papa walimfukuza, viza ikafutwa, akapandishwa ndege. Hawakuwa na haja naye hata kidogo. Walimchukua ili wenzao wasimpate, basi. Jerusha mwenyewe alichanga nauli ya kumtoa Nairobi hadi kwao Bomet.

Lakini Jerusha hakuwa akiifikiria Kuwait. Alikuwa akiifikiria simu.

Yeye na Omondi wameoana miaka mitano. Minne kati ya hiyo walikuwa mke na mume wa kwenye kioo cha simu, mmoja Doha, mwingine Jinja, wakitakiana usiku mwema huku mtandao unakatika. Tangu Vipanga wamsajili Omondi, wamekaa chini ya paa moja miezi kumi na moja, chumba kimoja mtaa wa Najma, juu ya duka la mshona abaya, yaani baibui za huku. Muscat ni nchi nyingine na viza nyingine. Jerusha alikuwa ameapa kwamba hatarudi kwenye ndoa ya simu, hata afe.

"Nakuja," alisema.

"Yalla, njoo mbio. Saa kumi na moja kamili Bradley anatuma na khalas."

Jerusha alimgeukia nesi mwenzake. "Terry, nishikie wagonjwa wangu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nirudi."

"Na usiporudi?"

Jerusha alikuwa ameshafika kwenye lifti.

* * *

Saa kumi na dakika kumi na nane aliingia ofisi ya Vipanga, bado na sare na viatu vyeupe vya wodini. Chebet alimwonyesha mlango kwa kidevu.

Meneja mkuu, Bwana Bradley, ni Mmarekani mrefu aliyeishi Doha mpaka damu yake imekuwa karak, ile chai nzito ya maziwa ya Ghuba. Kikombe cha karatasi hakimtoki mkononi. Alizungumza Kiingereza, lakini mimi namgeuza Mswahili ili twende haraka.

"Bwana Bradley," Jerusha alianza, "nimekuja kukuomba msamaha kwa niaba ya mume wangu. Alificha bega. Ni kosa. Lakini usimtupe, tafadhali..."

"Msamaha?" Bradley aliinuka, uso umejaa furaha. "Mama, wewe umeniokoa! Kaa chini!"

Jerusha hakukaa. Hakuelewa.

Bradley alimsukumia tarakilishi. Ilikuwa ile video, sekunde thelathini na nane. Jerusha alijiona analia mbele ya watu: *Bega la mume wangu liliharibika kabisa. Hakuweza kuinua hata kikombe cha chai. Nikasema basi, kazi imekwisha, tunarudi nyumbani...* Chini kulikuwa na maneno ya Kiingereza, yameandikwa vizuri sana. Halafu video ikakatika.

"Nimeletewa jana na namba nisiyoijua," alisema Bradley. "Tangu asubuhi mameneja watatu wamenipigia kunipa pole. Wote wanaamini Omondi amekwisha. Nani atachukua mrushaji asiye na bega? Hakuna! Kwa hiyo namwacha nje, nafasi yake namlinda mdakaji wangu Mjapani, yule anayeipokea mipira ya mrushaji. Uchaguzi ukipita kesho, Omondi bado ni wangu. Nimelinda watu kumi na sita kwa nafasi kumi na tano!"

"Na wewe? Huamini kwamba amekwisha?"

"Nina mashine inayopima kila mpira anaorusha. Februari kasi yake ilishuka. Mwezi huu imerudi. Nilijua siku zote."

"Ukanyamaza?"

"Mtu mwenye siri haombi nyongeza," alisema Bradley, na akanywa karak yake.

Msomaji, kuna watu huwa nashindwa kuamua kama niwapige kofi au niwape mkono. Huyu ni mmoja wao.

Jerusha aliitazama tena ile video. Kitu kilikuwa kikimkereketa. Aliirudisha nyuma, akaicheza tena mpaka pale inapokatika, na hapo akaelewa.

"Bwana Bradley, hii ni nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya ushuhuda. Kwetu hakuna mtu anayesimama kanisani akaeleza shida peke yake, kisha akakaa. Unaanza na shida, unamalizia na sifa. Ukikaa katikati watu watadhani umeugua. Mimi nilimaliza."

"Ulimaliza vipi?"

"Nilisema amepona."

Kikombe cha Bradley kilisimama hewani.

"Nionyeshe."

Ibada ile hurushwa Facebook kwa ajili ya ndugu walio nyumbani. Jerusha aliitafuta kwenye simu yake, vidole vinakosea kila herufi. Ikafunguka. Sehemu yake ilikuwa dakika tatu kasoro kidogo. Kwenye dakika ya pili, Jerusha wa kwenye video aliinua mkono juu na watu wakaanza kupiga vigelegele. Jerusha wa ofisini ilibidi atafsiri maneno yake mwenyewe, uso unamwaka.

"Nasema... nasema Mungu ni mkuu. Nasema bega ni jipya. Nasema Alhamisi mazoezini alirusha mpira kwa kilomita mia moja arobaini na nane kwa saa."

"Ulitaja mpaka kasi?"

"Nilitaja mpaka kasi."

"Kanisani?"

"Walishangilia sana," alisema Jerusha kwa sauti ndogo.

Bradley alijishika kichwa. "Nani mwingine ameiona hii yote?"

Jerusha aliivuta simu yake karibu. Alisimamisha video pale kamera ilipogeukia waumini. Mstari wa nyuma, suti ya kijivu, simu juu. Ilibaki juu mpaka mwisho.

"Githinji," alisema Bradley, na mara hii hakutabasamu. "Ametuma nusu kwetu sote, nusu ameikalia. Kila meneja anadhani Omondi ni mzigo. Mimi namwacha nje kwa werevu wangu mwenyewe. Na kesho asubuhi anainua mkono wa kwanza, anamchukua bure!"

Akapaza sauti. "Chebet! Mtoe Mjapani! Mweke Omondi!"

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na nne.

Chebet aliketi, akaandika, akabonyeza. Kisha akageuka.

"Mudir, mfumo unataka namba ya siri. Wametuma kwa simu yako."

Bradley alijipapasa mfuko wa kushoto, wa kulia, wa shati. "Simu iko kwenye gari."

"Gari liko wapi?"

"Upande wa pili wa uwanja."

"Nipe ufunguo!" alisema Jerusha.

Alikimbia. Mwezi wa Mei hapa Doha hata saa kumi na moja jua halijamsamehe mtu, lakini mwanamke yule alikimbia na viatu vyake vyeupe, akapita geti la wachezaji, akapita maegesho ya mabasi. Mlinzi mmoja Mganda akampigia kelele, "Nnyabo, kuna nini?" Hakugeuka. Alifungua mlango, akaikuta simu chini ya kiti, akageuza.

Saa kumi na dakika hamsini na sita alikuwa mlangoni, hana hata pumzi ya kusema hodi. Bradley alisoma namba. Chebet akaiandika. Kiduara kwenye kioo kikazunguka, kikazunguka.

*Orodha imepokelewa.* Saa kumi na dakika hamsini na nane.

Chebet alipiga ukelele. Jerusha aliketi sakafuni akalia kama siku ya Ijumaa.

"Mwambie mumeo nitakuwa na maneno naye kuhusu kuficha jeraha," alisema Bradley, akijifuta jasho. "Lakini si leo. Leo ni wangu kwa miaka miwili."

"Miwili?"

"Aliyelindwa, mshahara wake haupandi kwa miaka miwili. Ni sheria, inatusaidia na ile dari."

Jerusha alitikisa kichwa kukubali. Sidhani kama alisikia hata neno. Alichosikia yeye ni kwamba mumewe habebi sanduku.

* * *

Teksi ilimshusha Najma jua likizama. Alipitia kwa Mturuki akanunua kuku mzima wa kuchoma, kitu anachofanya siku za sikukuu tu, akapanda ngazi mbili mbili.

Mlango ulikuwa wazi.

Omondi alikuwa amekaa kitandani, simu mkononi. Miguuni pake kulikuwa na lile sanduku la bluu alilokuja nalo kutoka Jinja. Limejaa. Limefungwa.

"Unaenda wapi?" Jerusha aliuliza.

"Nilikuwa naenda." Omondi hakuinua uso. "Githinji amenipigia sasa hivi. Kuna mtu wake hapo ofisini kwa Vipanga, amemwambia kila kitu. Jeru, umenifanya nini?"

"Nimekuokoa! Uko kwenye orodha! Nimekimbia uwanja mzima, muulize Chebet..."

"Orodha." Omondi alicheka, lakini hakikuwa kicheko. "Miaka miwili ya riyali elfu nne na mia tano kwa mwezi. Muscat walikuwa wananipa elfu kumi na tatu na mia tano. Mchezaji akichukuliwa, sheria inasema alipwe mara tatu ya mshahara wake. Mara tatu, Jeru!"

Kuku alikuwa bado mkononi mwa Jerusha. Mfuko ulikuwa unamchoma vidole na hakuusikia.

"Githinji alikuambia hayo lini?"

Omondi aliinama akakaza mkanda wa sanduku. Chini, cherehani ya mshona abaya ilikuwa ikinguruma.

"Lini, Omondi?"

"Aprili."

"Aprili." Jerusha aliliweka neno lile mahali pake, na yote yaliyobaki yakaanza kujipanga yenyewe. Wiki mbili za kusukumwa. Mungu ametutendea. Utanyamaza mpaka lini. Uliongea? Mpaka mwisho? "Kwa hivyo Githinji hakuja kanisani kwetu kwa bahati."

"Nilimwambia mimi."

"Na video aikate wapi?"

"Hiyo alijua mwenyewe."

"Ungeenda kwa Bradley umwambie mwenyewe kwamba umeumia!"

"Bradley angejua najifanya ili aniache nje, nikalipwe mara tatu. Githinji akisema, nani atamwamini Githinji? Lakini wewe..." Omondi aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Wewe kila mtu anakuamini. Hujui kudanganya, Jeru."

"Ndiyo maana ukanituma."

"Ndiyo."

Jerusha aliweka kuku mezani, taratibu sana. Alikuwa na hasira ambayo hata yeye aliiogopa.

"Nililia mbele ya watu mia mbili. Nilipiga magoti. Nilidhani namshukuru Mungu, kumbe nilikuwa nakutangazia biashara."

"Ilikuwa kwa ajili yetu. Ningetangulia mwezi mmoja, miwili hivi. Ningekuita."

Ningekuita!

Msomaji, kama una mtu Ghuba, unalijua neno hilo. Jerusha analijua kuliko wewe na mimi. Yeye ndiye aliyelisema mwanzo, uwanja wa ndege, amemshika Omondi shingo: nitakuita. Alilisema kwa moyo mweupe. Lilichukua miaka minne.

"Unakumbuka nani alikuambia hivyo?" aliuliza.

"Jeru..."

"Mimi nilikuwa na moyo wote wa kukuita, na bado ilikuwa miaka minne. Miaka minne, Omondi! Nilizika mama yangu nikiwa nakutazama kwa kioo!"

"Na tutaishi chumba kimoja mpaka lini? Mkono wangu una miaka mingapi iliyobaki? Mitatu? Minne? Bradley ananinunua kwa bei ya mlinzi na anawalipa wengine kwa jasho langu!"

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa! Ndiyo maana mtu anaulizwa!"

Wote wawili walikuwa na haki, nami sina la kuwaamulia.

Simu ya Omondi ikaita.

Alitazama kioo. "Ni Chebet." Akaiweka sauti ya nje.

"Bwana Omondi?" Haikuwa sauti ya Chebet tunayemjua. Ilikuwa kavu, ya ofisini. "Niko na afisa wa ligi kwenye laini, na simu hii inarekodiwa. Jina lako limeongezwa ndani ya nusu saa ya mwisho. Kwa sheria mpya, jina kama hilo linahitaji kibali cha mchezaji mwenyewe. Unakubali kulindwa na Vipanga wa Doha? Jibu ni ndiyo au hapana."

Omondi alisimama. Macho yake yakawaka.

"Na nikisema hapana?"

"Unatoka kwenye orodha. Uchaguzi ni kesho saa nne asubuhi."

"Halafu timu yoyote inaweza kunichukua."

"Kwa zamu, ndiyo. Una dakika moja, Bwana Omondi."

Omondi alimtazama mkewe. Alikuwa anaomba radhi kwa macho, lakini mguu wake ulikuwa umeshagusa sanduku. Jerusha aliona wazi kwamba mumewe ameshafika Muscat.

Ndipo simu yake mwenyewe ikatetemeka mfukoni mwa sare.

Aliitoa. Ujumbe ulikuwa wa Chebet, ameuandika chini ya meza huku anaongea na ligi.

*Jeru Muscat wameuza zamu yao ya kwanza kwa Kuwait jioni hii. Githinji hata hajaambiwa. Wameona jina limerudishwa, wamejua bega ni zima. Omondi akisema hapana anaenda Kuwait. Kumbuka Mutai. Mimi siwezi kusema hapa wanarekodi. Mwambie WEWE.*

Jerusha alisoma mara moja. Akasoma tena.

Kuwait. Siku thelathini. Mutai pale uwanja wa ndege na sanduku lake la kamba, anajifanya anacheka. Neno moja tu kutoka kwake, na Omondi atasema ndiyo, atabaki Doha, atalala kitanda hiki leo na kesho. Hicho ndicho alichokipigania mchana kutwa. Ijumaa mumewe na Githinji waliikata kauli yake katikati. Sasa nusu ya habari ilikuwa kwa Omondi, na nusu iliyobaki ilikuwa mkononi mwake.

"Bwana Omondi?" Sauti ya Chebet ilikwaruza kidogo. "Ndiyo au hapana?"

"Sekunde moja." Omondi alifunika simu kwa kiganja. "Jeru, mbona uso umekubadilika? Nani amekuandikia?"

Jerusha hajawahi kumdanganya mumewe, hata kwa bei ya nyanya. Alimtazama muda mrefu kuliko dakika ile ilivyoruhusu.

Kisha akailaza simu yake mezani, kioo chini, karibu na kuku aliyeanza kupoa.

"Mjibu," alisema. "Wanakusubiri."